Mama Samahani na Gari la Mikate

Dada yangu aliwahi kuuomba mlango radhi, tena si mara moja. Mlango wa jikoni kwake hufungukia ndani, na kila alipotoka na beseni aliugonga kwa kiwiko, na kila alipougonga alisema, "Oo, samahani." Siku moja kliniki bwana mmoja mwenye viatu vizito alimkanyaga kidole gumba, akatulia hapo juu kama mtu aliyefika kwake. Dada akamgusa bega taratibu. "Samahani, kaka, nafikiri mguu wangu uko chini ya wako." Yule bwana akamwambia hakuna neno, akamsamehe.

Ndiyo maana kazini walimwita Mama Samahani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, meza ya kufungia. Mkate unatoka tanurini, unapoa, unakatwa, unamfikia yeye. Anautia mfukoni, anakaza mdomo wa mfuko, anaupanga kwenye kreti. Mikono yake ilikwenda kasi hata wageni wakadhani ana wa tatu ameuficha chini ya aproni. Maduka yote ishirini na mawili yaliyochukua mikate yetu aliyajua kwa kichwa: nani anataka mkate mweupe, nani mkate wa ngano nzima, nani hataki kuona mkate wenye kovu hata dogo. Msimamizi akikosea orodha, dada ndiye aliyemrekebishia, kisha akamwomba radhi kwa kuliona kosa.

Mimi ni mdogo wake. Miaka ile nilikuwa nasomea ushonaji na nilikaa kwake, chumba cha nyuma pamoja na wanawe wawili, kwa hiyo mengi ya haya sikuhadithiwa. Binti mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, tulimwita Kimya, kwa kuwa akikujibu ilibidi umsogezee sikio kama mtu anayepima saa kama bado inakwenda. Mdogo, wa miaka sita, tulimwita Kengele. Nyumbani hakunyamaza hata akipiga mswaki, povu linaruka huku na huku. Lakini akivuka kizingiti tu, kengele ilikuwa kama imeng'olewa ulimi. Alijificha nyuma ya gauni la mama yake, ukaona miguu minne na kichwa kimoja.

Mambo yalianza siku dada alipoitwa shuleni. Aliniomba nimsindikize. Mwalimu wa darasa la Kimya, mama mmoja mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alitukaribisha viti, akafungua daftari.

"Mama, binti yako alichaguliwa kiranja wa darasa. Kura ishirini na tisa."

Dada akaanza kutabasamu.

"Akasimama akasema, 'Samahani, nadhani mmekosea.' Akampa nafasi mwenzake aliyepata kura tatu."

Tabasamu likakatikia njiani.

"Na huyu mdogo. Juzi mwanafunzi mwenzake alikalia sanduku lake la chakula. Yeye akamwomba radhi kwa kuwa sanduku lilikuwa gumu. Mimi nimefundisha miaka mingi, mama, lakini sijui watoto hawa haya wanayatoa wapi."

"Samahani sana, mwalimu," dada akasema.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akamtazama dada, akanitazama mimi, akamtazama dada tena. "Aa," akasema. "Basi."

Tulipofika nyumbani dada alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Nikamletea maji. Akayashika bila kuyanywa.

"Mwana hutazama kisogo cha nina," akasema. "Sasa mimi kisogo changu kimeinama siku zote. Wanangu wataona nini?"



Jumamosi asubuhi aliwaita mabinti sebuleni akawapanga kwenye kochi. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Akasimama mbele yao mikono kiunoni, akakohoa, akaanza: "Wanangu, kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kuogopa mtu. Mwanamke anasimama wima. Mwanamke anasema anachotaka. Mwanamke—"

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa upande wa pili, yule aliyeazima ngazi yetu mwaka wa jana hatukuiona tena. Sasa alitaka toroli.

"Chukua, chukua," dada akasema, akamsaidia kulitoa. "Na samahani kwa kukusumbua kuja mpaka huku."

Alipogeuka, wanawe walikuwa wamekaa vilevile, macho manne yamemkodolea. Kengele akainua mkono kama darasani. "Mama, hotuba imeisha au kuna nyingine?"

Hotuba ilifia pale pale, hata mazishi haikupata.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa barazani akishona soli ya kiatu. Ni fundi viatu, mtu wa maneno machache. Nusu ya siku midomo yake imebana misumari, na nusu nyingine ni kama bado anayo. Alitema msumari mmoja kiganjani. "Masikio ya watoto ni pambo tu," akasema. "Wanachotumia ni macho." Akaurudisha msumari mdomoni, na hayo ndiyo yakawa maoni yake ya mwezi ule.

Wiki iliyofuata dereva wa gari la mikate aliacha kazi akaenda kuendesha mabasi ya mbali. Msimamizi, bwana mmoja anayetembea na kalamu nyuma ya kila sikio na bado anauliza kalamu iko wapi, akaamua kusambaza mikate mwenyewe. Huyu bwana haoni vizuri, na miwani anaona aibu kuivaa. Siku ya kwanza mikate ilifika imepondeka bapa kama iliyokanyagwa na tairi. Siku ya pili aliipeleka yote kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya tatu akatukusanya uani.

"Nani anataka kujifunza udereva? Kiwanda kitampeleka shule. Mtihani akipita, gari ni lake. Mwisho mara tatu. Akishindwa mara tatu, natafuta mtu wa nje."

Nasema "akatukusanya" kwa sababu likizo zote za chuo cha ushonaji nilifanya vibarua pale, nikisimama mkono wa kushoto wa dada. Watu walitazama viatu vyao. Kisha nikaona kitu kinapanda pembeni yangu, taratibu, kama mkate unaoumuka. Ulikuwa mkono wa dada.

"Samahani," akasema. "Ni mimi."

"Samahani ya nini?" msimamizi akauliza.

Dada akafikiri. "Ya kutaka."

Ua zima likavunjika mbavu. Yeye masikio yaliwaka moto, nami nikajua kinachofuata: atasema alikuwa anajikuna. Lakini mkono haukushuka. Msimamizi akatoa kalamu sikio la kulia, akaandika jina lake.

Nyumbani alitangaza habari hiyo wakati wa chai. Kengele aliruka mpaka kikombe kikamwagika. Kimya akauliza kitu. Tukainama wote kumsikia. "Nimesema, je ukishindwa?"

"Nikishindwa mtaona," dada akajibu. "Mtakuwepo."

Shule ya udereva ilikuwa na gari moja, rangi yake imechujuka kama shati la mlinzi, na mwalimu mmoja aliyeitwa Breki. Jina hilo alilipata kwa mguu wake wa kulia: upande wake kulikuwa na breki ya pili, na alivyoizoea, hata akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida anakunywa soda, ukipita karibu anakanyaga sakafu. Jumamosi walifanya mazoezi kiwanja kitupu karibu na kwetu, nasi tulikaa kwenye ukuta mfupi kutazama: mimi, Kimya na Kengele. Dada mwenyewe ndiye aliyetaka tuje.

Siku ya kwanza alifungua mlango, akaingia, akaliamkia gari. Tulimsikia. Kisha akawasha, akaachia klachi, gari likaruka mara moja kama chura aliyeitwa jina, likazimika.

"Samahani," dada akaliambia gari.

"Mama, usiliombe radhi," Breki akasema. "Litazoea."

Liliruka mara kumi na saba. Kengele alihesabu. Ya kumi na nane likaenda. Lilikwenda polepole sana, njiwa wawili wakalipita kwa miguu, lakini lilikwenda, na dada akatoa mkono dirishani kutupungia, naye Breki akakanyaga breki kwa woga, na paji la uso la dada likagonga honi. Ikalia mpaka watu wakatoka madukani.

Nyumbani mafunzo yaliendelea. Shemeji alipanga stuli mbili zikawa viti vya gari. Mfuniko wa sufuria kubwa ukawa usukani. Soli tatu za viatu zikapigiliwa kwenye ubao zikawa klachi, breki na mafuta. Kengele akawa askari wa trafiki, filimbi mdomoni, na ndizo siku pekee nilizowahi kutamani arudi kwenye kuongea. Kimya alichukua kitabu cha alama za barabarani akawa mtahini.

"Alama hii?"

"Samahani, hiyo nimeisahau."

"Kila ukisema samahani unarudi ukurasa wa kwanza," Kimya akasema.

"Lakini mwanangu—"

"Ukurasa wa kwanza, mama."

Dada alirudi ukurasa wa kwanza mara sita jioni ile. Mimi nilikuwa napiga pasi, na nikagundua kitu kilichonifanya nisimamishe mkono mpaka foronya ya shemeji ikaungua: tangu waanze, sikuwa nimemsogezea Kimya sikio hata mara moja.

Mtihani wa kwanza ulikuwa siku ya kazi, wasichana wako shuleni. Mtahini alikuwa mama mpana mwenye sketi iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na uso usiojua kicheko kilitoka upande gani. Dada alifunga mkanda, akatazama vioo, akatoka getini vizuri kabisa, akafika makutano ya posta. Hapo akakumbuka adabu. Akampisha baiskeli. Akapisha mkokoteni. Akawapisha wanafunzi, na walimu wao, na mbwa. Akamwona bwana mmoja amesimama ukingoni akamwashiria avuke. Yule bwana akatikisa kichwa. Alikuwa anamngojea rafiki yake. Dada akadhani ni haya, akamwashiria tena, akatabasamu, akashusha kioo: "Vuka, kaka, vuka bila wasiwasi." Mwishowe yule bwana akavuka kwa heshima tu, akafika ng'ambo, akasimama, na sasa ikambidi avuke tena kurudi. Dada akampisha na hapo.

Wakati wa mtihani ukaishia makutanoni.

Mchana wasichana walikuwa wamesimama kwenye lango la nyumba, sare bado mwilini. Nilimwona dada anakuja na karatasi yake, nikajua kwa mwendo. Nikamwombea aseme mtihani umeahirishwa. Mimi ningesema hivyo.

"Umeshinda?" Kengele akauliza.

"Nimeshindwa."

"Umelia?"

"Kidogo. Nyuma ya posta."

"Sasa je?"

"Sasa nina njaa," dada akasema. "Na Jumanne ya wiki ijayo narudi tena."

Akampa Kimya karatasi aisome. Kimya akasoma kwa sauti, palepale langoni, majirani wakisikia: "Dereva ana mikono mizuri. Alimlazimisha mtu kuvuka barabara ambayo hakuwa na haja ya kuivuka. Mara mbili." Dada akaanza kucheka yeye wa kwanza, na alipocheka sote tukapata ruhusa.

Kosa la mtihani wa pili ni langu, nakiri. Nilimwambia, "Dada, wewe upole ndio unakuponza. Jifanye shangazi."

Shangazi ni dada wa marehemu baba yetu. Aliwahi kulirudisha basi zima kituoni kwa sababu alisahau mwavuli, na abiria wakamshukuru. Daktari akimpa dawa, ni daktari anayekunywa kwanza. Dada akaliona wazo langu ni jema. Wiki nzima alifanya mazoezi ya uso wa shangazi mbele ya kioo, na Kengele akamsahihisha: "Pua juu zaidi, mama. Shangazi anatazama kwa matundu ya pua."

Basi akaenda na pua juu. Aliendesha kama mshale, hilo hakuna aliyelipinga. Ila alimpigia honi kila mwenye miguu. Alimpigia honi askari wa trafiki aliyekuwa katikati ya barabara akiongoza magari, na alipomkaribia akamwambia kupitia dirishani, "Kama huna kazi, kaa pembeni." Kisha mtahini aliposogea kidogo kuandika hayo, dada akamgeukia akafoka, "Na wewe kaa sawasawa!"

Kimya alisoma karatasi ile amesimama juu ya stuli, kwa sababu hadhira ilikuwa imeongezeka. Shemeji naye alikuja, hata misumari akaitoa mdomoni. "Alimfokea askari. Alimwamuru mtahini akae sawasawa. Mtahini alikaa sawasawa." Kengele akaanguka chini kwa kicheko, akajiviringisha mpaka chini ya meza.

Lakini dada safari hii hakucheka sana. Alikaa barazani, amevua viatu, anatazama vidole vyake. "Bado moja," akasema. "Nikiwa mimi nashindwa. Nikiwa mwingine nashindwa. Sasa niwe nani?"

Mimi ushauri wangu nilikuwa nimeutumia wote. Kimya ndiye aliyeketi karibu naye, kitabu cha alama mapajani.

"Mama, shangazi mmoja anatosha," akasema. "Wewe hutakiwi kumfokea mtu. Wala hutakiwi kumpisha kila mtu. Kitabu kinasema kila mmoja ana zamu yake. Zamu ya mwenzako ikifika, mwache aende. Yako ikifika, nenda."

"Basi?"

"Basi."

Dada akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyekuta kitu chake cha thamani kwenye mfuko wa koti la zamani. "Hayo uliyajua siku ya kura?" akauliza polepole.

Kimya akafunga kitabu. "Hapana. Nimeyajua nikikufundisha."

Mtihani wa tatu uliangukia likizo, tukaenda sote. Ofisi ya leseni ina ua mpana wa changarawe, benchi moja kivulini, na geti linalolindwa na mzee mmoja na bata bukini wake. Mzee husema mbwa hulala lakini bata bukini hasinzii kazini, na kweli: yule dume alikuwa mweupe, shingo ndefu, kifua mbele kama afisa, na kila mtu aliyeingia alimpitia kwa kuzunguka. Sisi wenyewe tulimpita tumebana ukuta, Kengele amebebwa.

Gari likatoka. Tukakaa benchini. Kengele alinishika mkono wa kulia, Kimya wa kushoto, nikawa siwezi kujikuna. Alichofanya dada huko mjini tulikisikia baadaye: makutano ya posta alimpisha mzee mwenye fimbo, akapisha gari la wagonjwa, kisha zamu yake ikafika. Kulikuwa na lori kubwa upande wa pili, dereva wake ameshaanza kulisogeza kwa ujanja ili amwibie nafasi. Dada hakupiga honi. Hakupandisha pua. Alitia gia akaenda. Lori ndilo lililokanyaga breki, na dereva wake akabaki ameachama.

Yaliyofuata tuliyaona kwa macho yetu. Gari lilirudi, likafika getini, na katikati ya geti kasimama bata bukini. Dada akasimamisha gari. Bata akamtazama. Dada akangoja, bata naye akangoja. Mlinzi alikuwa ameenda kuteka maji. Mtahini akatazama saa yake, akashusha pumzi, akafungua mlango, akatoka na ubao wake wa kuandikia. "Shh! Toka!" akasema, akampungia karatasi.

Lo! Bata alifungua mabawa, akainamisha shingo mpaka ikawa kama fimbo, akaja. Mtahini alilizunguka gari mara moja kwa hadhi. Mara ya pili hadhi ilibaki nyuma pamoja na kiatu chake cha kushoto. Mara ya tatu akaona mlango wa nyuma, akaufungua, akajitupa kitini kifudifudi, sketi na makali yake yote, akaufunga kwa mguu ule usio na kiatu. Bata akarudi akasimama juu ya kiatu. Kengele alikuwa amepanda mabegani kwangu na sikumbuki amepandaje.

Hapo dada akavuta breki ya mkono. Akazima gari. Akafungua mkanda, akashuka, akaufunga mlango taratibu. Mimi namjua dada yangu; yeye hata kuku wa kuchora hamkaribii. Nikaona anasogea hatua moja, anasimama, anasogea nyingine. Wasichana nao waliliona hilo, kwa sababu Kimya alinong'ona, "Anaogopa." Na kweli alikuwa anaogopa, tena sana, na alikuwa anakwenda.

Alimfikia bata. Akasimama. Bata akapiga mluzi wa hasira. Dada hakumfokea.

"Hicho si chako," akasema. Sauti ilikuwa ileile ya kuongea na msimamizi akikosea orodha, ila imepungukiwa neno moja.

Sijui bata husikia nini katika maneno ya binadamu. Alimtazama kwa jicho la kulia, akageuza kichwa akamtazama kwa la kushoto, kisha akashuka kutoka kwenye kiatu kana kwamba alikuwa anaondoka hata hivyo, akaenda kusimama ukutani. Dada akaokota kiatu, akakipangusa kwa upindo wa gauni, akampitishia mtahini dirishani. "Kisigino kimelegea kidogo, mama. Mume wangu ni fundi. Umefunga mkanda?"

Mtahini akafunga mkanda. Dada akawasha gari, akaingia uani, akaegesha kwa kurudi nyuma katikati ya mistari miwili, sawasawa kama mkate kwenye mfuko wake. Mtahini alishuka kutoka kiti cha nyuma kama bibi mkubwa aliyeletwa na dereva wake, akaandika karatasi akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kiatu kibovu kwapani. Ilikuwa na neno moja tu: Amepita. Kimya hakuhitaji stuli kulisoma. Alilisoma kutoka benchini, kwa kelele, na bata akamjibu.

Kiwandani mikate ilianza kufika mizima. Wenye maduka walishukuru, hasa yule wa vifaa vya ujenzi. Msimamizi alirudi ofisini kwake, akanunua miwani, akagundua kwamba ukuta alioutazama miaka tisa ni wa kijani. Dada hakugeuka simba, nisiseme uongo. Akikukanyaga bado anakuomba radhi. Lakini ukimkanyaga wewe, sasa anangoja ya kwako, na anangoja akikutazama.

Kimya hakungoja shule zifunguliwe; alimfuata mwalimu wake nyumbani akamwambia kwamba siku ile ya kura alijikosea mwenyewe, na kwamba nafasi ile aliitaka. Mwalimu akasema imeshajazwa, uchaguzi mwingine ni mwakani. "Sawa," Kimya akasema, "lakini niandike kabisa." Mwalimu akamwandika.

Likizo ile msimamizi aliwaruhusu wasichana waende na mama yao kwenye njia fupi, nami nikaenda kupakua kreti. Siku moja mvua ilinyesha, na kwenye mteremko wa mwisho tairi la nyuma likazama topeni. Wanaume wanne waliokuwa wamejikinga chini ya paa la gereji wakaja mbio.

"Mama, shuka," mmoja akasema, keshashika kitasa. "Tuachie sisi tuendeshe."

"Ahsanteni," dada akasema. "Nyinyi sukumeni. Mimi naendesha."

Walitazamana. Kabla hawajaamua, kichwa kidogo kikachomoza dirisha la pili. Kengele, nje ya nyumba, mbele ya wanaume wanne asiowajua, mvua ikimpiga usoni: "Wawili huku, wawili kule! Yule mwenye kofia, acha kuinama, utaumia mgongo! Moja, mbili, sukuma!"

Walisukuma. Sijui kwa nini. Nadhani sauti ile haikuacha nafasi ya kujadiliana. Tope liliruka likawapaka kuanzia kofia mpaka viatu, gari likatoka, na wao wenyewe wakashangilia. Dada akawapa mkate mmoja kila mtu kwa mkono wake.

Duka la mwisho lilikuwa hatua chache mbele. Kimya alishuka na kreti kichwani, akaingia, akaiweka juu ya kaunta. Mwenye duka, mgeni aliyelinunua wiki ile, akatoa shingo kutazama nje, akaona gari linarudi nyuma taratibu kuingia kati ya pikipiki na nguzo ya umeme.

"Dereva yuko wapi atie sahihi?" akauliza.

"Dereva ni mama," Kimya akasema. "Anaegesha."